Unashuka Mombasa? Maswali ambayo wageni hutuuliza mara kwa mara

Simu huanza kulia mwishoni mwa Novemba. Binamu, rafiki wa binamu, mtu tuliyesoma naye darasa la sita: wote wanashuka Mombasa Disemba na wote wana maswali yale yale. Mwaka huu nimeamua kuyajibu mahali pamoja. Nilizaliwa Majengo, nikakulia Kisauni, sasa nakaa Tudor, kwa hivyo haya ni majibu ya mtu wa humu ndani. Mwenye hoteli atakwambia mengine.

Nianzie wapi kupanga safari?

Anza na maji. Watu hutafuta chumba kwanza, wakishalipa ndipo huuliza kiko wapi, na hapo ndipo likizo huharibika. Mji wenyewe ni kisiwa kidogo, kilomita za mraba kama 14, kilichoshikwa na hori mbili: ya Tudor kaskazini na ya Kilindini kusini. Ukienda kaskazini unapita Daraja la Nyali. Ukienda magharibi, yaani Changamwe, uwanja wa ndege na njia ya Nairobi, unapita Makupa au Kipevu. Ukienda kusini, Likoni, unapanda feri. Safari zako nyingi zitapita mojawapo ya milango hiyo, na kila mlango una saa zake za kuziba. Kwa hivyo amua kwanza utalala upande gani wa maji, kitanda baadaye.

Binamu yangu mmoja wa Nakuru hakuuliza. Alilipia nyumba iliyotangazwa kuwa iko "Mombasa, dakika mbili kutoka baharini". Kumbe iko Diani, kaunti ya Kwale, kilomita 30 na kitu ng'ambo ya feri. Bahari kweli ilikuwa dakika mbili. Lakini yeye alikuja kwa harusi ya Bamburi, na kwa siku nne alivuka feri mara nane. Mpaka leo ukimtajia Diani hununa.

Ni kweli Mombasa iliwahi kuwa mji mkuu?

Kweli kabisa. Waingereza walipotangaza himaya yao ya Afrika Mashariki 1895, makao yalikuwa hapa. Mwaka uliofuata wakaanza kutandika reli kutoka hapa kwenda Ziwa Victoria, wakafika Kisumu 1901, na reli hiyo hiyo ndiyo iliyotunyang'anya: kambi yake ya njiani, Nairobi, ilikua hadi makao yakahamishiwa huko 1905. Leo Mombasa ni makao ya kaunti namba 001. Mtu wa Nairobi akikutambia mji mkuu, mkumbushe nani alitangulia.

Ila mji ni mkongwe kuliko hayo yote. Ibn Battuta alipita hapa 1331, Vasco da Gama akaja 1498 na hakupokewa vizuri. Wakafuata Wareno, Waomani, kisha ukoo wa Wamazrui waliotawala mpaka 1837. Wenyeji huuita Mvita, na Waswahili wa asili hujihesabu kwa Thenashara Taifa, taifa kumi na mbili zilizogawanyika Tisa na Thelatha, yaani tatu. Ukipata mzee wa mojawapo ya taifa hizo, wa Kilindini au Mjomvu, aliyetulia barazani, kaa chini umsikilize. Atakupa zaidi ya mwongozaji yeyote wa kulipwa.

Mitaa ya kisiwani ikoje?

Mji wa Kale ndio kitovu, na hapo usiende kwa haraka. Nyumba zimebanana hata roshani za mbao karibu zigusane juu ya kichwa chako, milango imechongwa, na barazani chini yake kuna watu waliokaa tangu alasiri. Barabara yake kubwa ni Ndia Kuu, ingawa "kubwa" ni ya zamani: magari mawili yakikutana, moja hurudi nyuma. Humo ndimo ulimo Msikiti wa Mandhry, unaosemwa ulijengwa 1570 na ambao bado unaswaliwa. Teremka mpaka Bandari ya Kale uone majahazi yaliyobaki, si mengi siku hizi. Jirani ni Kibokoni, na huko nenda usiku ukiwa na njaa.

Ukitoka nje ya Mji wa Kale unaangukia Marikiti, soko lililofunguliwa 1914. Ramani huliandika Mackinnon, lakini ukimwuliza mtu Mackinnon atakutazama tu. Nyuma yake ni maduka ya viungo, na kando yake ni Biashara Street, ya leso. Nitalirudia hilo.

Majengo, Bondeni na King'orani ni mitaa ya nyumba za Kiswahili, watoto wengi, misikiti mingi na kelele za kutosha. Sina haja ya kujifanya siegemei upande: kwangu mimi Mombasa ni huko. Mgeni hana "kivutio" cha kutazama Majengo, ila akialikwa chakula asikatae.

Mwembe Tayari ni mabasi ya safari za mbali, mizigo na vurugu. Shika mkoba. Shimanzi ni maghala. Ganjoni ni fleti na maofisi. Tudor tumetulia, tuna upepo wa hori. Kizingo ni majumba makubwa ya zamani yenye miti na ukimya, na mwisho wake ni ufuo wa Mama Ngina, ambao sisi huuita Lighthouse. Jumapili jioni nusu ya mji huhamia pale chini ya mibuyu, na tangu upambwe upya 2019 hata wasiokuwa na gari la kuegesha wana pa kukaa.

Na yale mapembe makubwa ya juu ya barabara? Yako Moi Avenue, pahali tunapopaita Mapembeni. Ni ya bati, si ya ndovu, na yaliwekwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ugeni wa ufalme wa Uingereza. Piga picha yako, vuka barabara kwa uangalifu, basi.

Na ng'ambo ya Nyali?

Ukivuka daraja, mkono wa kulia ni Nyali na Mkomani: nyumba za wenye nafasi, maduka makubwa, hoteli. Mkono wa kushoto na mbele ni Kongowea, Kisauni, Bombolulu, Mishomoroni, ambako ndiko wanakoishi wengi wa wale wanaofanya kazi Nyali. Barabara moja imewatenga.

Kabla hujafika mbali utasikia makanga akiita "Kengeleni!" Iko kengele kweli. Hapo ni Freretown, makazi yaliyoanzishwa miaka ya 1870 kwa watumwa waliokombolewa baharini, na kengele ilipigwa kuwatahadharisha watu wakionekana wawindaji wa watumwa. Watu hushuka pale kila siku wakikimbilia tuktuk bila kuitazama.

Soko la Kongowea nenda alfajiri. Malori ya bara yanashusha viazi, vitunguu na kabichi, wachukuzi wanapita na magunia mgongoni wakipiga kelele za "njia! njia!", na bei ya embe ni nusu ya utakayoambiwa saa nne asubuhi. Vaa viatu visivyokuuma roho vikichafuka.

Mbele zaidi ni Bamburi, Kiembeni, Shanzu. Bamburi ndiko kwenye ufuo wa umma uitwao Jomo Kenyatta, wenyewe tunasema Pirates, na ndiko iliko Haller Park. Hii bustani ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, ardhi nyeupe tupu isiyoota hata nyasi. René Haller akaanza kupanda mivinje miaka ya 1970, majani yakaoza yakawa udongo, na leo ni msitu wenye twiga na viboko. Ndipo alipoletwa Owen, kiboko mtoto aliyenusurika wakati wa tsunami ya Disemba 2004, akamfanya kobe mzee aitwaye Mzee kuwa mama yake. Ukiwa na watoto, nenda wakati wa kulisha twiga.

Changamwe, Mikindani, Jomvu, Likoni?

Changamwe ni bandari, makontena, malori na moshi wake. Magongo na Port Reitz ziko karibu na uwanja wa ndege. Mikindani iko mwinuko na usiku ukitazama kisiwa kutoka huko taa zinapendeza. Jomvu Kuu ni kijiji cha Waswahili cha zamani sana, na wageni hukipita mbio wakielekea stesheni ya Miritini.

Likoni ina sifa mbaya kuliko inavyostahili. Ina ufuo wa Shelly, watu wakarimu, na kodi ya nyumba nafuu. Dosari yake ni moja tu, nayo ni swali linalofuata.

Feri ya Likoni ikoje?

Kwa mwenda kwa miguu ni bure, mchana na usiku. Magari hulipa. Mkondo wenyewe ni kama nusu kilomita, na chombo kikishang'oa huchukua dakika chache tu. Kinachokula muda ni kusubiri.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simama upande wa Likoni uone. Watu wamejaa bandani bega kwa bega, hakuna anayesema kwa sauti. Lango linapofunguliwa, umati unateremka ule mteremko kwa pamoja: nguo za ofisi, sare za shule, baibui, baiskeli zimekokotwa, mkokoteni wa mitungi ya maji na mwenyewe anapiga mluzi ili apishwe. Ukishaingia, songa mbele, usisimame mlangoni kupiga gumzo. Wakati mwingine feri hungoja katikati meli ya makontena ipite kuingia Kilindini, ndefu kuliko mtaa, na hata aliyechelewa kazini huinua macho.

Ukiwa kwenye basi utashushwa, uvuke kwa miguu kama wenzako. Picha usipige, askari hawapendi. Ukiwa na gari, epuka asubuhi ya kuja kisiwani na jioni ya kwenda Likoni. Mimi najua hayo tangu utotoni, na bado Jumamosi moja nilijitia kwenda nikahi ya rafiki yangu huko Mtongwe, upande wa Likoni, kwa gari, kwa sababu nilikuwa nimevaa kanzu mpya. Foleni ilinishika zaidi ya saa mbili. Nilipofika bwana harusi keshapelekwa ndani, sinia zimeoshwa, nikapakuliwa ukoko wa biriani na shangazi yake aliyenionea huruma. Wenzangu waliovuka kwa miguu walikuwa wanatafuna tambuu.

Anayetoka Nairobi kwenda Diani kwa gari hana tena sababu ya kuingia kisiwani: barabara ya Dongo Kundu inamchukua Miritini na kumtoa upande wa Kwale.

Nije kwa treni, basi au ndege?

Treni ya Madaraka, iliyoanza 2017, hutumia saa tano mpaka sita na ndiyo ninayoipendekeza, hasa ya mchana, ukae dirishani Tsavo. Kata tiketi mapema kwa simu, *639#. Msimu wa Disemba, Pasaka na likizo za shule, "mapema" maana yake ni wiki, si siku. Beba kitambulisho, na fika stesheni saa nzima kabla: mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, na foleni haimjali mtu. Kumbuka stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa. Matatu za mjini hungoja nje.

Basi ni kilomita kama 480 za barabara, hukushusha katikati ya mji, na la usiku hukuokolea kulipia chumba. Ndege hutua Uwanja wa Moi, Port Reitz, na jioni unaweza kukaa barabarani kutoka huko mpaka Nyali muda mrefu kuliko uliokaa angani.

Mjini nitembeeje?

Tuktuk na matatu. Tuktuk patana kabla hujapanda, ukiuliza "ni pesa ngapi?" umekwishajitangaza mgeni. Taja unakokwenda, taja bei, nusu yake ukipenda, mcheke, mtaafikiana. Matatu nauli hupanda mvua ikinyesha na jioni, usigombane na makanga kwa shilingi kumi. Mwambie akushushe wapi kwa jina la kituo, si la barabara, kwa sababu majina ya barabara tumeyaacha kwenye ramani. Bodaboda zipo kila kona. Ndani ya Mji wa Kale tumia miguu.

Fort Jesus inafaa, au ni mawe tu?

Inafaa, ukiingia na hadithi. Wareno waliijenga 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na kutoka juu inafanana na mtu aliyelala chali. Waomani waliizingira Machi 1696. Waliokuwa ndani wakafa kwa njaa na maradhi, kidogo kidogo, kwa karibu miaka mitatu, mpaka ngome ikaanguka Disemba 1698. Meli ya Wareno iliyoletwa kuokoa, Santo António de Tanná, ilizama hapo hapo mbele ya ngome 1697, na vitu vilivyoopolewa vimo makumbushoni. Waingereza wakaigeuza jela tangu 1895 hadi 1958, na babu zetu kadhaa waliijua kwa sura hiyo. Tangu 2011 iko katika urithi wa dunia wa UNESCO.

Enda saa tatu asubuhi, kabla mawe hayajapata moto. Pandeni ukutani upande wa bahari.

Nile nini?

Asubuhi: mahamri na mbaazi. Hamri zuri limeumuka likawa na uwazi ndani, lina harufu ya iliki na tui, na hulipasui kwa kisu bali kwa vidole. Mbaazi ziwe nzito za nazi. Mtu akikuletea mahamri baridi yaliyokaushwa, ondoka, hukosi pengine.

Jioni, barabarani: viazi vya karai vilivyovikwa unga wa manjano na kuchovywa ukwaju, mishkaki, bajia, katlesi, mkate wa kumimina. Lighthouse kuna mihogo, ya kuchoma iliyopasuliwa ikatiwa pilipili na ndimu, na ile iliyokatwa nyembamba ikakaangwa mbele yako. Kunywa dafu. Ukimaliza maji usilitupe: mpe muuzaji alipasue, atakuchongea kijiko kutoka gamba lenyewe ule ile nyama laini. Mwambie mapema unataka la maji au la nyama, yeye hujua kwa kuligonga.

Mchana wa Ijumaa tafuta biriani au pilau. Siku nyingine wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Na kahawa. Baada ya Isha, Mji wa Kale, utasikia vikombe vinagonganishwa, kwa mdundo, kabla hujamwona mtu. Muuza kahawa ana dele la shaba lenye makaa chini yake, na vikombe visivyo na mshikio anavyovisuuza kwenye ndoo. Kahawa ni tungu, haina sukari, ina tangawizi. Unakula kashata ndipo unaipiga funda. Gharama yake ni ndogo, lakini ukikaa pale umenunua pia mazungumzo ya nusu saa kuhusu mpira, siasa na nani kaoa nani.

Zawadi gani nirudi nayo?

Leso. Usiseme kanga hapa, ingawa utaeleweka. Nenda Biashara Street, ambako duka la Kaderdina Hajee Essak limekuwa katika biashara tangu 1887. Leso zake ndizo zenye maandishi "Mali ya Abdulla". Leso ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, yale maandishi chini. Huuzwa mbili zikiwa kitambaa kimoja; mpe fundi wa cherehani aliyekaa barazani akukatie na kukupindia palepale.

Soma jina kabla ya kulipa! Iko leso ya kumshukuru mama, iko ya dua, na iko ya kumpiga jirani kijembe. Nimemwona mgeni akimchagulia mama mkwe wake leso nzuri sana ya rangi ya damu ya mzee, jina lake likiwa la kumsuta mke mwenza. Dada wa dukani alicheka mpaka akakaa chini, kisha akambadilishia.

Ongeza haluwa, achari na mabuyu. Mfuko beba mwenyewe, ile ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017.

Nivae nini?

Ufuoni vaa upendavyo. Mji wa Kale, Majengo na sokoni, funika mabega na magoti, mwanamume na mwanamke. Hakuna atakayekufukuza ukikosa, ila utatazamwa. Msikitini usiingie bila kuomba, na viatu huvuliwa mlangoni. Kumpiga mtu picha bila ruhusa ni utovu wa adabu, hasa akina mama. Anza na salamu. Hapa mtu anayeuliza njia bila kusalimu huelekezwa, lakini kwa ufupi.

Ramadhani nije?

Njoo, ila ujue mchana mikahawa mingi ya kisiwani imefungwa na watu wana usingizi. Usile wala kunywa njiani. Magharibi mji hufufuka: meza za futari hutolewa nje, kaimati zinamiminwa shira, na maduka hukesha. Ukialikwa kufuturu, tende kwanza. Kuona Biashara Street usiku wa kuamkia Idi ni jambo la kusimuliwa, ukitoka na vidole vyote vya miguu.

Hali ya hewa?

Joto. Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi, ndilo kali, mchana nyuzi 32 na zaidi. Masika hunyesha Aprili na Mei, na barabara zingine hugeuka mito. Kusi ikikaza, Juni hadi Septemba, kuna upepo na usiku unalalika bila feni. Vuli ni mvua chache Oktoba na Novemba. Mimi ningekuja Agosti. Nyinyi nyote mtakuja Disemba, najua.

Kuogelea je?

Uliza maji yanajaa saa ngapi. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3 wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, kwa hivyo ufuo uliouona asubuhi huenda jioni usiwepo. Yakipwa unaweza kutembea mpaka karibu na mwamba, ila vaa viatu, kuna vile vidude vyenye miba mirefu myeusi. Pirates huwa na watu wengi mno Idi na Krismasi. Watoto washikwe mkono. Vijana wa ufuoni watakufuata na ngamia, mashua na vinyago. "Asante, si leo", kwa tabasamu, mara moja. Ukieleza sababu umefungua mazungumzo.

Mji ni salama?

Kama mji wowote wa watu milioni moja na laki mbili, kwa hesabu ya sensa ya 2019. Simu usiitoe dirishani mwa tuktuk, mkoba uwe mbele kwenye feri na Mwembe Tayari, na usitembee ufuoni usiku. Sina la kuongeza.

Maji ya bomba?

Ya kunywa nunua. Ya kuoga, uliza nyumba ina tangi au haina, kabla ya kulipa. Maji matamu ya mji huu hutoka mbali, Mzima, Marere na Baricho, na mitaa mingine hukaa siku kadhaa bila tone. Wale vijana wenye mikokoteni ya mitungi hawakosi kazi, na mahali pengine maji yatokayo kwenye kisima yana chumvi hata sabuni inakataa kutoa povu.

Mtwapa ni Mombasa?

Si Mombasa, ni Kilifi, ng'ambo ya daraja lingine. Ukiona mtu anakuuliza hivyo, anauliza starehe za usiku. Ndiyo, ziko.

Kiswahili chenu nitakielewa?

Utakielewa, mara nyingine kwa kuchelewa. Kimvita kina "nd" palipo na "nj" ya wengine: ndoo ni njoo, ndaa ni njaa, ndia ni njia, na ndiyo maana Ndia Kuu haikukosewa kuandikwa. Palipo na "ch" mara nyingi tuna "t": mato ni macho, mtele ni mchele, tini ni chini. Hiyo ndiyo lugha aliyoitungia mashairi Muyaka bin Haji, karibu miaka mia mbili iliyopita. Mtu akikuuliza "wambaje?" anakuuliza wasemaje, mjibu "sina la kwamba", kisha uone atakavyofurahi. Mgeni anayejaribu hasimangwi hapa. Anayechekwa ni yule anayeimba "yakhee" kwa mzaha kila sentensi.

Siku ngapi zinatosha?

Nne. Mbili za kisiwani, moja ya Nyali mpaka Bamburi, moja ya kutofanya lolote. Ukiwa na moja tu: mahamri, ngome, Mji wa Kale, leso, Lighthouse magharibi, kahawa.

Nikipotea Mji wa Kale?

Utapotea. Simu haitakusaidia, vichochoro vingine havimo. Muulize mama aliyekaa mlangoni, "Shikamoo mama, ngomeni ni wapi?", naye atamwita mtoto akupeleke. Mtoto mpe ya barafu. Ikiwa hakuna mtu, teremka mpaka uyaone maji, kisha geukia mkono wa kulia.